Hali ya Moyo na Mpango katika Picha ya Mashamba

Mtu ashukaye kutoka Mbinga kwenda Mbamba Bay hupita nchi mbili kwa safari moja. Ya kwanza ni nchi ya milima, Umatengo, ambako vilima hupita mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na mashamba yametandazwa juu ya miteremko mikali toka bondeni hadi karibu na vilele. Ya pili ni nchi ya mwambao wa Ziwa Nyasa, ambako maji yako karibu mita 475 juu ya usawa wa bahari, na jicho lililozoea kupanda na kushuka hujikuta ghafula mbele ya mstari mmoja ulionyooka. Tangu mwaka 2012 nchi hizi zimekuwa wilaya mbili, Mbinga na Nyasa, katika Mkoa wa Ruvuma. Lakini kwa jicho la mchoraji zilikuwa mbili tangu kale. Moja humtaka achore mwinamo, nyingine humtaka achore ulalo. Moja humnyima upeo wa macho, nyingine humpa upeo huo mpaka akaushiba.

Tofauti hiyo humkabili mhakiki kwa swali lililo la msingi katika sanaa ya picha. Mtazamaji asimamapo mbele ya picha ya mashamba huguswa na kitu. Husema picha hii ina utulivu, ile ina huzuni, nyingine ina shangwe. Hali hiyo ya moyo hutoka wapi? Wengi hudhani hutoka katika rangi: wekundu wa machweo, weupe wa ukungu, ubichi wa majani baada ya mvua. Kwa dhana hiyo mchoraji ni mpishi, na nchi ni wali mweupe ungojao mchuzi. Lakini picha zilizodumu hazishuhudii hivyo. Zashuhudia kwamba hali ya moyo huzaliwa katika mpango: mahali palipowekwa upeo wa macho, njia iliyopitishwa kati ya mashamba, watu waliosimamishwa, ukubwa waliopewa, na kazi waliyokabidhiwa. Rangi huja kuthibitisha yale ambayo mpango umekwisha kuyasema. Na katika picha ya mashamba liko jambo jingine zaidi: utulivu wake ni wa haki pale tu mtazamaji awezapo kuona ni nani aliyeulipia.

Umatengo ni mahali pafaapo kuanzia, kwa sababu sura ya nchi yenyewe ni kazi ya mikono. Wamatengo walikusanyika katika milima hii wakati wa misukosuko ya karne ya 19, walipobanwa na nguvu za Wangoni, nao wakalazimika kulisha watu wengi katika ardhi yenye mwinamo mkali na mvua nyingi. Dawa yao ikawa kilimo cha ngoro. Mvua zinapoelekea kwisha, nyasi hufyekwa na kulazwa juu ya mteremko kwa mistari inayokatana, hata ikatokea miraba. Kisha udongo huchimbwa katikati ya kila mraba na kutupwa juu ya nyasi zile. Yabakiayo ni matuta yenye mbolea ndani yake, na shimo katikati ya matuta. Maharage hupandwa juu ya matuta hayo, na mahindi hufuata katika msimu mwingine. Maji ya mvua, ambayo yangeteremka pamoja na udongo, hutuama mashimoni na kunywewa na ardhi polepole. Kwa desturi kufyeka na kulaza nyasi ni kazi ya wanaume. Kuchimba na kupanda ni kazi ya wanawake. Kwa mbali mlima mzima huonekana kama sega la asali.

Msafiri apitaye huona katika sega hilo pambo, na hana kosa, kwani pambo lipo. Mkulima huona siku zake. Anajua mraba uliochimbwa asubuhi na mraba uliochimbwa jua likiwa kali. Anajua mahali ambapo jembe liligonga jiwe. Mchoraji husimama kati ya hawa wawili. Akiichora miraba kama nakshi ya mkeka, amepata kweli ya macho na kuipoteza kweli ya mikono. Akikumbuka kwamba kila mraba una mgongo wa mtu ulioinama, ameanza kuelewa kwamba mpango wa picha yake ulikuwa umekwisha kutungwa kabla hajafika, na kwamba yeye ni mtungaji wa pili. Wa kwanza ni yule mwenye jembe.

Jambo hili si la Umatengo peke yake. Wachoraji wa mashamba wa nchi nyingine walikutana nalo kabla, na namna walivyolijibu ndiyo kipimo cha kazi zao. Mwaka 1565 Pieter Bruegel alichora picha ya mavuno ya ngano ambayo leo imo katika jumba la sanaa la Metropolitan mjini New York. Mtazamaji amewekwa mahali pa juu, akitazama chini juu ya shamba la manjano linaloteremka kuelekea bonde, na mbali kabisa yaonekana maji yenye vyombo. Mbele, chini ya mti, wavunaji wengine wamekaa wakila, na mmoja amejinyoosha usingizini. Upande wa pili wenzao wangali wakikata ngano. Mpango huo ni wenye hekima kubwa. Usingizi wa yule mmoja unaeleweka kwa sababu miundu ya wengine iko karibu naye. Lau Bruegel angaliwaondoa wakataji, mlalaji angekuwa mvivu, na joto la shamba lingekuwa rangi ya manjano tu. Pumziko lake lina uzito kwa kuwa gharama yake imewekwa wazi pembeni.

John Constable, Mwingereza, alichukua njia nyingine. Picha yake ya gari la kukokotwa na farasi likivuka maji, iliyokamilika mwaka 1821 na iliyomo katika jumba la sanaa la taifa mjini London, ilionyeshwa kwanza kwa jina la mandhari ya adhuhuri. Mahali pale alipajua tangu utoto, kwani baba yake alikuwa na kinu cha kusaga nafaka karibu na mto ule. Mawingu yake ni ya kweli kuliko mawingu ya wengi waliomtangulia, na mtazamaji husikia unyevu wa hewa. Hata hivyo wale wakatao majani katika konde la mbali ni alama ndogo nyeupe, zisizozidi ukubwa wa punje. Miaka ile vibarua wa mashamba katika sehemu ile ya Uingereza walikuwa katika dhiki kubwa baada ya vita na Ufaransa. Katika picha dhiki hiyo haina mahali pa kukaa. Constable hakusema uongo. Aliwasogeza watu mbali kiasi cha kutosha, na umbali ukafanya kazi ambayo uongo ungeifanya. Hapo mhakiki hupata onyo: utulivu waweza kuwa tunda la mpango mwema, na waweza pia kuwa tunda la kuwaweka watu mahali ambapo sauti zao hazifiki.

Katika Afrika ya Mashariki aliyeikabili kazi hii kwa uzito mapema kuliko wengi ni Sam Joseph Ntiro. Alizaliwa Machame, Kilimanjaro, mwaka 1923. Akasoma sanaa Makerere katika miaka ya 1940 chini ya Margaret Trowell, kisha katika shule ya Slade mjini London. Akarudi Makerere kufundisha. Baada ya uhuru wa mwaka 1961 aliiwakilisha Tanganyika mjini London kwa miaka kadhaa kama Balozi, na alifariki mwaka 1993. Uchaggani na Umatengo ni nchi mbalimbali, lakini ni ndugu kwa sura ya maisha. Zote ni nchi za milima yenye watu wengi, zote zina kahawa, na zote zimefinyangwa na wakulima: Wachagga kwa mifereji iletayo maji migombani, Wamatengo kwa ngoro. Kwa hiyo yale aliyoyavumbua Ntiro kuhusu mlima wenye watu yanamfaa pia mchoraji atakayepanda Mbinga.

Picha yake ijulikanayo zaidi ugenini ni ile ya mwaka 1956 ya wanaume wakimpelekea bibi arusi pombe ya ndizi usiku. Nayo imo mjini New York, katika jumba la sanaa ya kisasa, kwa hiyo mavuno ya Bruegel na arusi ya Ntiro zinahifadhiwa katika mji mmoja. Jina la picha lastahili kusomwa polepole. Limetaja watu, mzigo, safari, mpokeaji na saa. Halikutaja mlima. Mchoraji wa kigeni aliyefika Machame angalianza na theluji ya Kibo, kisha akatafuta pembe ya kumweka mtu mmoja apate kuonyesha ukubwa wa mlima. Ntiro ameanza na watu wenye shughuli, na nchi ikawafuata. Usiku wake hauwafichi watu hao wala hauwatishi. Ni usiku wa wenyeji wanaojua njia ya kwao, ambao giza kwao ni saa kama saa nyingine. Hali ya moyo iliyomo, ambayo ni furaha iliyotulia, hutoka katika ukweli kwamba kila mtu anakwenda mahali pamoja kwa sababu moja.

Namna ya Ntiro katika picha zake za mashamba hutambulikana upesi. Watu ni wengi na ni wadogo, miili yao imerahisishwa, na nyuso zao hazina alama nyingi za kumtofautisha huyu na yule. Hakuna shujaa. Mikono hurudia mikono, migongo hurudia migongo, na miti hurudia watu, kama vina vinavyorudi mwishoni mwa mishororo ya shairi. Kina cha picha hakikujengwa kwa kufuata kanuni za shule za Ulaya. Vilima hupandiana kuelekea juu ya picha, na jicho hupanda navyo. Wako waliomlaumu kwa hayo, wakisema kwamba mtu aliyesoma London angepaswa kuchora kwa ustadi zaidi. Lawama hiyo haina nguvu. Mlima uliojaa mashamba hauonekani kama uwanda wenye njia moja inayotokomea mbali. Huonekana kama ukuta, shamba juu ya shamba, moshi juu ya moshi. Mpango wa kupandisha nchi hadi juu ya picha ni mpango wa mtu aliyekulia mlimani.

Lawama nzito iko kwingine. Katika picha za namna hii hakuna anayechoka. Mizigo hubebwa bila shingo kukaza. Majembe huinuka bila jasho. Mwaka 1956 Tanganyika ilikuwa bado miaka mitano mbali na uhuru, chini ya kodi na amri za wageni, na hakuna kivuli cha mambo hayo kinachoangukia arusi ya Ntiro. Mtetezi wake aweza kujibu kwamba kule kuonyesha watu wenye utaratibu wao, adabu yao na furaha yao, wasiomngojea mtu kuja kuwapangia, kulikuwa ni jibu la kutosha kwa utawala uliodai kwamba utaratibu uliletwa nao. Jibu hilo lina haki ndani yake, na yafaa likubaliwe. Lakini halifuti lawama yote. Bruegel aliweza kumweka mlalaji na mkataji katika konde moja, furaha na uchovu bega kwa bega, na picha haikuvunjika. Ntiro alichagua upatano, na upatano wake ni wa kweli; ila ni nusu ya kweli, na mchoraji ajaye baada yake ana nusu ya pili ya kuitafuta.

Mkoa wa Ruvuma wenyewe ulitoa mchoraji aliyelijibu swali hili kwa kulikwepa kishujaa. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 upande wa Tunduru, akaenda kutafuta kazi, na karibu na mwaka 1968 akaanza kuchora mjini Dar es Salaam kwa rangi za kung'aa juu ya vipande vya ubao. Aliuawa mwaka 1972 kwa risasi ya polisi iliyompata kwa makosa. Katika picha zake nyingi yumo mnyama mmoja au ndege, na nyuma yake pametandazwa rangi moja tu. Hakuna kilima, hakuna upeo, hakuna saa ya siku. Nchi imeondolewa yote, na mnyama husimama katika kimya kinachomtia mtazamaji taharuki. Huo ni ushahidi mkubwa kwamba hali ya moyo haihitaji machweo. Waliomfuata waliijaza nafasi ile kwa wanyama, vijiji na mlima wenye theluji, kwa kuwa mnunuzi alipenda kuona Afrika nzima katika ubao mmoja. Na kila walipoongeza kitu, kimya kilipungua. Lakini kimya cha Tingatinga hakiwezi kuwa dawa ya picha ya mashamba, kwa sababu shamba ni mahali, na mahali haliwezi kuondolewa shamba likabaki.

Basi mchoraji asimamapo mbele ya mlima wa Kimatengo akiwa amejifunza kwa hawa, afanye nini? Kwa Ntiro atapata ujasiri wa kuijaza picha kwa mteremko, akiuacha upeo wa macho juu kabisa au akiufuta. Kwa Bruegel atajifunza kuweka pumziko karibu na kazi. Kilichobaki ni chake mwenyewe, nacho ni mwinamo. Mtu achimbaye ngoro hasimami kama mtu wa tambarare. Mguu mmoja u juu, mwingine u chini, na mwili wote unazuia kuteremka wakati mikono inachimba. Miraba ikichorwa sawasawa kama sakafu ya vigae, mlima umelazwa chini na kazi imefanywa nyepesi. Miraba ikiinama, ikipanuka mbele na kubanana juu, na mistari yake ikipotoka kidogo pale ambapo ardhi ilikataa, mtazamaji ataisikia katika magoti yake. Hapo hali ya moyo haitakuwa utulivu mtupu wala huruma tupu. Itakuwa heshima, ambayo ni hali ngumu kuliko zote kuchorwa, kwani haina rangi yake maalumu.

Chini katika mwambao hatari ni ya namna nyingine. Tanzania iko mashariki ya Ziwa Nyasa, kwa hiyo kutoka Lituhi hadi Mbamba Bay jua huzama juu ya maji, upande wa Malawi. Mchoraji hakutunga machweo hayo, amepewa. Mstari wa maji umekwisha kuikata picha mara mbili, mtumbwi mweusi umekaa mahali pake, na wekundu umetanda. Hakuna mandhari iliyo rahisi zaidi kupangwa, na kwa sababu hiyo hakuna iliyo rahisi zaidi kukosewa. Picha ya namna hiyo humwambia mtazamaji kwamba siku imekwisha na watu wamepumzika. Kwa mvuvi wa dagaa kweli ni kinyume chake. Kwake kuzama kwa jua ni mwanzo wa siku: nyavu hukusanywa, taa hutayarishwa, na usiku usio na mwezi mianga hutapakaa juu ya maji kuwavuta samaki. Zamani taa zilikuwa karabai, na leo nyingi ni za umeme. Kazi ni ileile. Kwa hiyo mtumbwi ule mweusi, ambao picha imeufanya alama ya kupumzika, kwa mwenyewe ni alama ya kuondoka, na pengine ya hofu, kwa kuwa upepo wa Nyasa hubadilika upesi na nyumbani wako wanaoungoja mtumbwi huo.

Hapa ndipo ionekanapo wazi kwamba rangi peke yake haitoshi. Wekundu ni uleule kwa mtalii na kwa mvuvi. Kinachotenganisha pumziko na maondoko ni mpango: mtumbwi umeelekezwa nchi kavu au majini, watu wamekaa au wameshika kafi, mwanamke aliyesimama ufukweni anatazama jua au anatazama mtumbwi. Kugeuza gogo moja la mti kutoka upande huu kwenda upande ule ni kuigeuza roho ya picha nzima. Na mchoraji atakayeamka mapema ataona kwamba mwambao una saa nyingine isiyochorwa mara nyingi. Asubuhi jua huchomoza nyuma ya milima. Maji ya mbali hupata nuru kwanza, na ufuko hubaki kivulini wakati mitumbwi ikirudi na samaki wakitandazwa kukauka. Nuru iko mbali, watu wako kivulini, na kazi iko kati yao. Huo ni mpango uliotolewa na nchi yenyewe, nao hauna utamu wa bure.

Liuli, kaskazini ya Mbamba Bay, yatoa funzo la mwisho. Katika bandari ile pana mwamba ambao Wajerumani waliufananisha na sanamu ya kale ya Misri, simba mwenye kichwa cha mtu, wakapaita mahali pale Sphinxhafen. Mgeni alifika Nyasa akiwa amebeba Misri machoni pake, naye akaiona. Mwezi Agosti 1914, vita kuu vya kwanza vikiwa na siku chache tu, chombo cha Waingereza, Gwendolen, kiliingia katika ghuba hiyohiyo na kukipiga chombo cha Wajerumani, Hermann von Wissmann, kilichokuwa kimepandishwa pwani kutengenezwa. Maji yale leo yametulia, na mchoraji ana haki ya kuyachora yametulia. Lakini hana haki ya kudhani kwamba utulivu ndiyo habari yote ya mahali, wala kwamba sura aliyokuja nayo kichwani ndiyo sura ya mwamba.

Huenda mtu akasema kwamba kumtaka mchoraji afikirie haya yote ni kumnyima furaha ya macho, na kwamba picha ya mashamba ni ya kuburudisha. Burudani haikukatazwa. Mavuno ya Bruegel yanaburudisha baada ya zaidi ya miaka 450, na arusi ya Ntiro inaburudisha kila inapotazamwa. Zinaburudisha kwa sababu furaha iliyomo ina wenyewe. Picha za machweo zisizo na wenyewe huburudisha siku ya kununuliwa, kisha hugeuka sehemu ya ukuta. Nchi ya Mbinga na mwambao wake imekwisha kupangwa na waliolaza nyasi mlimani na wanaowasha taa majini. Mchoraji akiusoma mpango huo kabla ya kufungua rangi zake, hali ya moyo itakuja yenyewe, nayo itakuwa ya wale wenye nchi.